Mbwa Asiyeogopa Kitu

Jumamosi usiku, Usevya

Na ni mimi niliyemchagua. Kule Mpanda mjini yule mama mfugaji alinionyesha mbwa wadogo wa aina mbili: wa manyoya marefu, mpole, anayependa kupakatwa, na huyu terria, mkali, asiyeogopa kitu. Nikachukua asiyeogopa, atubwekee tembo wakija kwenye mpunga.

Leo jioni kambwekea ng'ombe wa jirani. Ng'ombe akamgeukia. Mbwa huyo, mbio mpaka miguuni kwangu, na ng'ombe nyuma yake! Nimeponea kwenye mlango wa jiko, nimeingia nikaufunga.

Baba mkwe hakucheka. "Mama Neema, mbwa huyu hata tembo atamfanyia hivyohivyo. Atamchokoza, halafu atakimbilia kwa mwenye mbwa."

Nikamsihi baba Neema amwache mbwa nyumbani. Akasema mbwa wa kukaa ndani si tungechukua yule wa manyoya? Akaondoka naye kwenda kulinda mpunga. Wamelala huko, kwenye kibanda cha nyasi.

Hata Neema nimemnyamazisha, nasikiliza upande wa shamba. Mbwa huyu nilimchukua ili abweke. Sasa namwomba Mungu anyamaze mpaka kuche.