Mfenesi Umekubali Mafuta

Michenzani, Jumamosi, 14 Juni

Kwako Nassor,

Leo kumeamka baridi ya kipupwe, upepo mkavu, mbingu kama iliyofuliwa. Nimefungua madirisha yote kabla hata sijanywa chai. Nina furaha, na sioni haya kuiandika hapa hadharani, mimi mjane niliyetoka eda juzijuzi tu.

Gitaa limekubali.

Wanaonisoma hapa hawakujui, basi nieleze kidogo. Ulikuwa seremala Bububu, wa vitanda na milango. Mwaka wako wa mwisho ulimtengenezea binti yetu Zuhura gitaa la mti wa mfenesi. Ukalipiga msasa mpaka kanga ikipita juu yake haishiki popote. Ukanunua mkebe wa mafuta ya kitani ya kulipaka. Mkebe hukuwahi kuufungua.

Fundi Haji, mwenzako wa karakana, alitaka kulimaliza kwa vanishi. Nikakataa. Ulikuwa ukisema vanishi inang'aa, lakini mkono haufiki kwenye mti. Na mimi nilitaka Zuhura akilishika, ashike palepale uliposhika wewe. Hilo tu.

Lakini mimi niliishia kidato cha pili, na mbao nilizijua kwa harufu ya shati lako.

Mara ya kwanza nililipaka kama mtoto aliyetoka kuogeshwa: mengi, kwa mapenzi, nikaliacha linywe. Asubuhi likawa linanata, na michirizi imesimama mgongoni kama maji ya mvua kwenye ukuta wa chokaa. Fundi Haji alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, huu mti, si chapati! Paka kidogo, ngoja, kisha futa kama vile hukupaka kitu."

Akayaondoa yote kwa msasa. Nikarudia, mafuta kidogo, nikafuta vizuri. Nikajiona nshakuwa fundi. Lilipokauka nikaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mistari imerudi, safari hii ya kijivu, na ukipitisha kidole unahisi kama unga umegandia.

Nililia, Nassor. Sikuwa nimelia hivyo tangu hitma yako.

Fundi Haji akaugonga ubao kwa kucha, akatikisa kichwa. Umeshakuwa mwembamba, alisema, utavumilia msasa mara moja tu, tena wa juujuu. "Ikishindikana tena, nalipuliza vanishi. Utaniwia radhi, shemeji." Zuhura naye akaniambia kwa upole, mama, mwachie fundi. Gitaa ni lake.

Kisha Fundi Haji akainamisha pua.

"Hebu. Hili gitaa linaolewa lini?"

"Kwa nini?"

"Linanukia udi kama biharusi!"

Tukacheka sote watatu. Halafu Fundi akaacha kucheka, akageuka kukitazama chetezo changu cha kufukizia udi pembeni mwa mlango, na mimi nikakitazama.

Eda nzima sikugusa udi wala manukato. Nilipotoka nikawa nafukiza kila alasiri, nyumba nzima, kama mtu aliyerudishiwa pua yake. Tena harufu ya mafuta ya kitani ni kali, na watu bado walikuwa wanakuja kunipa pole, nikaona aibu wakute nyumba inanuka. Basi nilikuwa nalipaka gitaa, nalifuta, kisha naweka chetezo chumba kilekile. Majivu laini yakishuka juu ya mafuta mabichi, na mimi nikipita tena na kitambaa, nayaburura.

Udi wangu mwenyewe!

Chetezo nikakipeleka kwa jirani. Fundi Haji akapitisha msasa wa mwisho, wa juujuu. Nikachagua kanga kuukuu iliyokwisha dondo, ule wanga wa dukani, kwani kanga mpya hainywi. Nikatia matone machache, nikafuata mishipa ya mti kutoka juu hadi chini, bila kusita katikati. Nikapika uji, nikarudi nikafuta. Nikafuta tena kwa upande mkavu, nikiliinamisha dirishani, na kila palipong'aa kuliko pengine nikaparudia. Likikauka, napaka tena. Vitambaa nilivitandaza kwenye kamba, kimoja kimoja, kama ulivyokuwa ukifanya. Miaka yote nilidhani ni unadhifu wako. Kumbe vikikunjwa na yale mafuta huweza kushika moto vyenyewe.

Leo Fundi Haji amekuja kukagua. Amelichukua mpaka dirishani, akaliinamisha huku, akaliinamisha kule. Zuhura amesimama nyuma yake.

"Mistari iko wapi?" Fundi akauliza.

"Itafute wewe. Si ndiwe fundi?"

Akaitafuta. Akavaa na miwani.

"Shemeji, mimi vanishi yangu naondoka nayo."

Laiti ungeliona! Ile njano ya mfenesi imekolea kama samli iliyoyeyuka, na mishipa inateremka mgongo mzima, hakuna hata mmoja uliokatizwa. Halinati. Linateleza, lakini ni mti, mkono unajua kuwa ni mti. Ubavuni nimeacha kile kishimo kidogo ulichokibonyeza kwa patasi kwa bahati mbaya, ukasema mkamilifu ni Mungu. Zuhura alipolipakata, dole gumba lake lilikifikia bila kuambiwa, likatulia hapo.

Nilikwenda jikoni mara moja, nikarudi.

Fundi Haji akafunga nyuzi. Zuhura akazikaza, akapiga kidogo tu, bado si wimbo. Sauti ikajaa chumba, ikatoka nje, mpaka Bi Mwanaidi wa ghorofa ya chini akapaza sauti:

"We Salma! Nani huyo anayepiga?"

"Nassor!" nikajibu kabla sijafikiri.

Zuhura amecheka mpaka nyuzi zikatetemeka chini ya mkono wake, na Bi Mwanaidi naye nikamsikia anacheka.

Mnaonisoma, msomeeni Nassor Fatiha moja leo. Na mimi niliyelipaka mafuta, mnikumbuke.