Njia ya Nyuma ya Sungura Watatu

Aldercombe, 4 Juni 2018

Hester mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linaleta ukorofi kila mvua ikinyesha, na hapa haijakata tangu wiki jana. Kile kikohozi chako kimekuacha?

Bwana Rudd, yule aliyenunua shamba la kina Tozer, amefunga njia yetu, ile inayotoka nyuma ya baa ya Sungura Watatu mpaka makaburini kwa mama yako. Ameweka lango na kufuli! Halmashauri wanasema njia ikipitwa na watu waziwazi kwa miaka ishirini, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, ni ya wote. Ila wanataka ushahidi. Nimecheka peke yangu. Kila Jumatatu ya Pasaka napiga picha mitaa, baa na njia zote za mji huu, na watu wananiita mwehu. Basi mwehu anafungua kabati.

Baba yako


Leeds, 19 Juni

Baba mpenzi,

Nakusalimu sana. Kikohozi kimekwisha. Wewe na goti lako ndio mnanidanganya: Bi Maud wa baa ameniambia umeruka lile lango mara mbili. Na miaka sabini na sita, Baba!

Nimemwandikia Bwana Rudd kwa adabu, nikamwomba akuruhusu kupita. Amejibu vizuri kabisa: anakupa ruhusa, wewe peke yako, mchana tu. Barua yake ninayo. Sasa tulia, unywe chai yako.

Binti yako


Aldercombe, 22 Juni

Hester,

Salamu baadaye. Umeomba ruhusa! Ukiomba ruhusa umekiri kwamba njia ni yake, na sasa ana karatasi yenye jina letu. Mimi nimemlea nani?

Mwambie ruhusa yake siitaki. Leo asubuhi nimepita tena, mbele ya dirisha lake, nikampiga picha akinywa kahawa. Kwa sasa usiniandikie.

Baba yako, bado


Leeds, 30 Septemba

Baba,

U mzima? Unakula? Ulisema nisiandike, lakini miezi mitatu inatosha, na ubishi nimeurithi kwako.

Nilikosea. Nilidhani nakuepusha na aibu, kumbe nimempa Rudd fimbo ya kukuchapia. Nasikia ataitoa barua yangu kwenye kikao cha halmashauri cha Novemba. Nitakuwepo.

Nikwambie ukweli: nilizichukia Pasaka zako. Wenzangu walikuwa ndani wakila mayai ya chokoleti, mimi nimesimamishwa kwenye tope, "Hester, tazama huku!" Katika kila picha nimenuna. Zilete zote, tangu nina miaka minne. Usiache hata moja.

Binti yako


Aldercombe, 23 Aprili 2019

Hester mwanangu,

Salamu nyingi, na safari hii hata goti linakusalimu.

Jibu la halmashauri limekuja: njia ni ya watu. Wanasema barua yako uliiandika baada ya kufuli kuwekwa, na miaka ishirini ilikuwa imeshatimia. Sawa, waseme hivyo. Mimi nilikuwepo kikaoni. Wakili wa Rudd alipodai kwamba labda tulikuwa wageni walioalikwa shambani, ukasimama na picha zako ishirini na kitu: "Bwana, mtoto aliyealikwa ananuna hivi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Rudd naye akashindwa kujizuia. Sijawahi kujivunia mtu kiasi kile.

Jana, Jumatatu ya Pasaka, lango lilikuwa limeshang'olewa. Nikampelekea mama yako maua, nikamsimulia yote, nikalia kidogo. Halafu nikapiga picha zangu kama kawaida.

Nina ombi moja. Nitumie ile barua ya Rudd ya kuniruhusu, usiichane. Bi Maud ametenga nafasi ukutani pale baa, juu ya kaunta. Tutaibandika hapo, na chini yake picha yako ya mwaka 2006, umesimama katikati ya njia, umetoa ulimi nje.

Baba yako