Attendre, na njia ya Kabambare

Mujukuu wangu Feza,

Huku Kasongo tuko wazima, mama yako tu iko anakohoa kidogo. Umeniuliza neno la Kifaransa attendre, kungoja, lilitoka wapi. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini hilo nalijua.

Nilikuwa binti. Baba alienda Kabambare na baiskeli, na siku zile njia iliogopesha. Kwetu mutu akisafiri, hatufagii kiwanja mupaka tusikie amefika, asije akapotea njiani. Mimi nikasahau, nikafagia, nikafuta alama zote za baiskeli. Shangazi akapiga kelele: "Wee! Umemufuta kaka yangu!" Siku tatu nilikaa kando ya njia nikiangalia upande wa Kabambare.

Padri muzee wa shule yetu akanikuta pale. Akaniambia attendre lilitoka Kilatini, attendere: kujinyoosha kuelekea kitu, kupeleka mawazo yako yote pale. Nyuma ya pale Wafaransa wakalifanya kungoja. "Ufagio wako haufiki kule, mutoto. Mawazo yako yanafika."

Uoga haukuisha. Lakini nilimufuata baba kwa mawazo, mulima kwa mulima, mupaka akarudi kwa miguu, bila baiskeli.

Sasa unasema utatoka Kabambare kuja huku na pikipiki siku ya nne, Alhamisi. Naogopa, sikufichi. Mwambie dereva asikimbize kwenye madaraja, na mvua ikinyesha mulale njiani. Siku ile nitakaa barabarani toka asubuhi. Watu watanicheka, wacha wacheke. Wewe usipite bila kusimama.

Mama ya baba yako