Kimya cha Odile

Saint-Étienne, 4 Septemba 1978

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza tangu tulipomzika Odile mwezi Machi. Natumaini goti lako limepoa. Mimi nala, nalala, basi.

Wenzangu wa jukwaani wanataka turudishe mchezo tuliokuwa tukiucheza mke wangu alipofariki. Tukiufuta, kikundi kitavunjika. Nafasi yake angeichukua Maëlys, msichana anayeyajua maneno yote. Lakini mimi ndiye ninayeigiza mume, na mimi ndiye mwongozaji. Siwezi kuamua bila neno lako.

Mkweo,
Anselme

Le Puy, 9 Septemba

Anselme,

Salamu zimefika. Goti halijapoa, wala halitapoa.

Ulipomtoa binti yangu katika ualimu ukampandisha jukwaani, hukuniuliza. Leo waniuliza nini? Nyinyi watu hucheza hata maiti ikiwa ndani. Chezeni. Wenzako wasikose kazi kwa ajili ya marehemu. Ila huyo msichana atamke maneno yake mpaka mwisho; Odile hakuwa akimeza silabi.

Mama mkwe wako,
Mathurine

Saint-Étienne, 2 Oktoba

Shikamoo Mama,

Jana tulifanya mazoezi. Kuna mahali mke anavuka chumba kwenda dirishani, amwambie mumewe kwamba anaondoka. Odile alikuwa akisimama katikati, anashika kiti, ananyamaza, ndipo anaendelea. Ukumbi mzima ulitulia tuli. Alianza kufanya hivyo Januari, nami nikamwambia, "Hapo hapo, mke wangu! Kimya hicho usikiondoe. Kirefushe!"

Maëlys alipita moja kwa moja. Nikamsimamisha: "Shika kiti. Nyamaza."

Akasema, "Sawa, bosi, lakini nanyamaza kwa nini? Hapo nafikiria nini?"

Nikafungua kinywa nimjibu. Mama, moyo ndio uliomuua. Hakuwa akifikiria kitu. Alikuwa akitafuta pumzi, nami nilimwambia arefushe.

Niliwaambia wote waende nyumbani. Sijawaita tena.

Mkweo,
Anselme

Le Puy, 20 Oktoba

Anselme, mwanangu,

Hujambo? Usiniambie tena kwamba unakula, kula kweli.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Februari Odile alikuja kunitazama. Alipanda ngazi zangu, akasimama katikati, mkono ukutani. Mimi nilikuwa juu, nimemfungulia mlango. Nikamwambia, "Odile, hayo kayafanyie kwenu, wanakolipa kuyatazama. Supu inapoa." Akacheka, akapanda.

Miaka arubaini nilisomesha watoto. Nilimjua mtoto mwenye homa kabla hajafika kwenye dawati. Huyu wangu nilidhani anaigiza.

Kwa hiyo usijibebeshe lawama peke yako.

Waite wenzako. Mchezo uendelee, na msichana mwache avuke moja kwa moja mpaka dirishani. Asisimame. Asiguse kiti. Kimya kile hakikuwa cha mchezo, na hakuna mtu wa kukirithi.

Umesema utaniwekea nafasi mbele siku ya kufungua mchezo? Hukusema, lakini nakujua. Sijui kama nitaweza kumwona mwingine akivuka pale bila kuishiwa pumzi. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mama yako,
Mathurine