Vita Vyangu na Jiko la Banda la Njegere

Jumatatu, 6 Machi

Nishiwaki, mnunuzi wetu wa soko la Osaka, kapiga simu. Njegere zetu tena — maganda yamefifia, vikonyo vimenyauka, punje ndani ni unga mtupu. Akipata shehena nyingine kama hii, nafasi yetu mnadani anawapa watu wa Kagoshima. Kijiji kizima kinaishi kwa njegere hizi.

Kuratani, mwenyekiti wa kikundi, anamlaumu dereva wa lori. Mtu huyu akiumwa jino atamlaumu dereva wa lori.

Jumatano, 8 Machi

Nimempata muuaji. Ni jiko.

Tunachuma alfajiri, baridi inauma, maganda yanang'aa. Kisha tunayamwaga mezani bandani, na kina mama wanachagua wakiwa wamelizunguka jiko la mafuta ya taa hadi mchana, birika likichemka. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Bi harusi anaanzia mlangoni, na kila wakubwa wakipungua anasogea karibu na jiko. Mama yangu sasa anakaa kando ya birika. Kafika pale baada ya miaka arobaini.

Lakini ganda lililochumwa halijafa, linapumua. Likipata joto linapumua mbio, linakula sukari yake lenyewe, unabaki na wanga. Nimesoma kila kilichoandikwa kuhusu jambo hili katika maktaba ya wilaya.

Nikamweleza Mama. Akasema hata yeye akipata joto anapumua vizuri, sasa ubaya uko wapi?

Alhamisi, 9 Machi

Mkutano. Nimewaambia tunawapikia watu njegere kabla hawajazinunua. Kuratani akauliza kama nasema mama yangu ni mpishi mbaya. Swali la kijinga, ila limepigiwa makofi.

Bi Tamae, anayekaa jirani na Mama pale kwenye jiko, hakuinua hata macho. "Masafumi, mwanangu, mwaka jana uligombana na kipaza sauti cha kijiji. Mwaka huu jiko. Mwakani utagombana na nani, mlima?"

Wakacheka. Mimi pia, kidogo. Kisha nikawasomea maneno ya Nishiwaki, niliyoyaandika neno kwa neno akiwa kwenye simu, kicheko kikaisha. Kura zimepigwa. Jiko limetoka nje!

Jumamosi, 11 Machi

Ushindi wangu umekuwa balaa. Banda ni barafu. Vidole vimekufa ganzi, kina mama wanachagua kwa mwendo wa konokono, kazi ya asubuhi imefika alasiri. Bi Tamae kaleta beseni la maji ya moto, kila mtu akawa anachovya mikono, kisha anashika maganda kwa mikono iliyolowa. Maganda yameingia kwenye mifuko ya nailoni yakiwa majimaji. Niliona nikiwa nimechelewa. Ganda linataka unyevu hewani, si maji mwilini. Likilowa mfukoni, linaoza.

Mama hasemi nami. Anasema na paka. "Mwambie mwenzio chakula kiko mezani."

Jumatatu, 13 Machi

Nishiwaki tena. Utamu umerudi, anasema, lakini katoni kadhaa zina madoa ya kuoza. Keshokutwa atakuja mwenyewe, aonje bandani, aamue papo hapo. Kuratani kaniuliza kwa upole — upole! — tufanye nini. Sijui nani kaogopa zaidi, yeye au mimi.

Jumanne, 14 Machi

Jiko limerudi. Njegere ndizo zinazohama. Kutoka shambani moja kwa moja hadi chumba cha baridi cha kikundi, zinaletwa bandani kikapu kimoja kimoja, zikishachaguliwa zinarudi baridini. Mikono mikavu. Kina mama wameridhika, beseni limefungiwa.

Nimezunguka na kipimajoto. Mlangoni, safi. Katikati, si mbaya. Kando ya birika, kikapu kina joto la maji ya kuogea. Hata muda mfupi pale ni mwingi mno.

Wakati wa chakula nimemwambia Mama ahamie mlangoni. Alikuwa kapika wali wa njegere. Aliweka vijiti vya kulia chini.

"Pale mlangoni nilikaa nikiwa bi harusi," akasema. "Upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Bibi yako hata chai hakunipitishia. Sasa unataka nianze upya?"

Nina hoja za kujaza gazeti.

"Kula," akasema. "Wali unapoa."

Jumatano, 15 Machi

Naandika nyuma ya katoni, nimesimama. Nishiwaki kafika mapema, kakoti kake kasafi, hataki chai.

Mama kaingia wa mwisho. Kabeba mto wake wa kukalia. Kapita jiko, kapita kina mama wote, kauweka mlangoni, karibu na mke wa mwana wa Kuratani, aliyeolewa mwaka jana. Yule binti kasimama kwa aibu. Mama kamvuta mkono, kamketisha. Hakuna aliyekaa kando ya birika. Bi Tamae ananitazama mimi, si vizuri.

Nishiwaki anapita na vikapu. Anapasua ganda, anatafuna, anasogea. Uso wake hausemi kitu. Kafika mlangoni. Kachukua ganda kwenye kikapu cha Mama, katafuna, kachukua la pili.

"Hiki kachagua nani?"

Mama kaficha mikono kwapani, midomo ya bluu, anaangalia jiko. Kuratani ananikonyeza nijibu. Naweka kalamu chini, namimina chai kutoka kwenye birika, nampelekea Mama mlangoni, kisha namjibu Nishiwaki: "Mama yangu."