Baba Alitutafsiria Filamu Asizozielewa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, na naomba usinicheke, maana ukilisikia jambo hili juu juu utaona ni habari ya filamu tu, tena filamu za kijasusi za zamani, zile za wanaume wenye kofia na makoti marefu wanaobadilishana mikoba kwenye vituo vya treni, lakini mimi limenifika mfupani.

Ni mama wa watoto wawili, nashona mapazia, nina miaka arobaini na mbili. Baba yangu mzazi alifariki ajalini nikiwa na miaka saba, na nilipotimiza tisa mama akaolewa na fundi wa lifti, mtu mpole, mwenye mikono iliyonuka grisi hata akishaoga. Sikumtaka. Hakunikosea lolote, sikumtaka tu, na kwa miezi mitano tulikaa nyumba moja bila mimi kumwambia chochote zaidi ya shikamoo, nayo nilimpa kwa sababu mama alikuwa ananikazia macho.

Siku moja akarudi kazini na boksi begani. Ofisi moja katika jengo alilohudumia lifti zake ilikuwa inahama, wakampa kanda kumi na moja za video na deki mbovu, akaitengeneza kwa siku mbili, akiijaribu kwa kanda hizohizo, na Jumapili mchana akatuketisha sebuleni, mimi na mama, tutazame filamu ya jasusi. Watu wake walizungumza lugha ya kigeni nisiyoijua. Baba akasema yeye anaijua, aliwahi kufanya kazi na mafundi wa huko, basi akaanza kututafsiria, mtu akifungua mdomo naye anafungua wake, huyu anampa sauti nzito, yule ya puani, mama anafuma kitambaa chake pembeni kimya. Katikati jasusi akamkamata mlinzi wa lango, akamfunga kamba, akaondoka. Nikajikuta nauliza, "Kwa nini hakumuua?"

Baba hakunigeukia, nadhani aliogopa nisije nikarudi kwenye ukimya wangu. Akajibu macho yakiwa kwenye runinga, "Amemwambia ana watoto. Jasusi mzuri hamuui mtu anayesubiriwa nyumbani."

Mshauri, mimi nilikuwa mtoto aliyesubiri mtu nyumbani na mtu huyo hakurudi. Nilisogea nikakaa karibu naye, na tangu siku ile nikamwita Baba, na neno kambo sijawahi kulitumia ila leo nakuandikia wewe ili uelewe.

Kanda zile tulizitazama mpaka zikaanza kukwaruza. Nilizijua kwa moyo. Nilijua kwamba yule mwanamke anayepiga chapa nje ya ofisi ya mkubwa ndiye mkubwa mwenyewe wa majasusi wote, amejificha pale ili maadui wasimtambue, na mama yangu, ambaye alikuwa mpokea simu katika hoteli moja, alikuwa anatabasamu kila mwanamke huyo anapotokea. Na nilijua maneno ya mwisho ya ile filamu ya Jumapili ya kwanza, niliyoipenda kuliko zote, pale jasusi anapanda treni na mpenzi wake amesimama chini analia, naye anamwambia, "Nisiporudi, jua nimechelewa. Sijakuacha." Mshauri, maneno hayo niliyabeba hadi utu uzima. Nilipokuwa na miaka ishirini na tatu mchumba wangu alikwenda kusoma nje, akaacha kuandika, na mimi nikamngoja miaka miwili nikijiambia amechelewa, kumbe mwenzangu ana mke na mtoto.

Sasa mwezi uliopita Baba ametimiza miaka sabini na sita, na binti yangu, ana miaka kumi na mitano, akaipata filamu ile ya treni mtandaoni, safi, imewekewa maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Tukawaita babu na bibi yake chakula cha mchana, tukamketisha Baba kiti cha mbele, filamu ikaanza. Binti yangu akijua macho ya babu yake yamepungua nguvu, akawa anamsomea maandishi kwa sauti, kwa heshima kabisa.

Mpiga chapa akatokea, na binti yangu akasoma, "Kahawa iko wapi, mrembo?" Akasoma na mengine, sikuyatambua hata moja. Mlinzi akafungwa kamba, kisha jasusi akarudi akampiga risasi, na hapo nikakumbuka kwamba kila tulipofika sehemu hiyo Baba alikuwa anainuka kufuta vumbi kwenye runinga, anasimama mbele yake na kitambaa mpaka sehemu ile ipite. Mwishoni ikafika treni. Binti yangu akasoma, "Usinisubiri. Sijawahi kumrudia mwanamke yeyote."

Nikacheka. Sijui kwa nini, labda ni aibu, labda ni hasira, lakini nilicheka, mume wangu naye akacheka, nikasema mbele ya watoto, "Kumbe Baba hukujua hata neno moja? Miaka yote ulikuwa unatudanganya?"

Akatafuta kofia yake. "Macho yamechoka," akasema. Akamgeukia mama, "Mke wangu, twende nyumbani." Sahani yake ya keki hakuigusa.

Hajaja kwangu tangu siku hiyo, Jumapili nne sasa, na zamani alikuwa hakosi hata mvua inyeshe. Mama ananiambia runinga ikiwashwa anatoka nje. Lile boksi la kanda alilipeleka kwenye pipa la taka, mama akaenda kulirudisha. Nikamuuliza mama kwenye simu kama na yeye alidanganywa. Akasema, "Mwanangu, nilikuwa napokea simu za wageni kutwa nzima. Lugha ile nilikuwa naijua kuliko Kiswahili cha shuleni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Maneno yao nilikuwa nimeyasikia tangu asubuhi. Yake yalikuwa mazuri zaidi."

Kwa hiyo walijua wawili na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mjinga. Naumia kwa kumuaibisha mzee, na papo hapo namkasirikia kwa miaka yangu miwili, na mume wangu ananiambia niache, filamu zenyewe zimepitwa na wakati, magari yanatikiswa na watu nyuma ya pazia. Je, ni kweli filamu zile hazina maana tena, na mimi nilipenda kitu ambacho hakikuwepo? Na nitamwambia nini Baba?

Mimi, Mshona Mapazia

*

Mshona Mapazia,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira, na kwa kuwa gazeti hutoka Jumamosi na mzee wa miaka sabini na sita hasubirishwi, jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta ya haraka.

Nianze na hasira. Hiyo miaka miwili ya kumngoja mchumba asiyeandika usimbebeshe mzee. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ulimngoja kwa sababu ulimpenda, na kama si treni ungepata kisingizio kingine. Mchumba yule alikuwa na kalamu na karatasi, na hakuwa na shida ya tafsiri.

Pili, unasema ulidanganywa. Mama yako alijua, na akachagua kukaa pale na kitambaa chake kusikiliza, Jumapili baada ya Jumapili. Hiyo haikuwa njama dhidi yako. Ni mwanamke aliyekwisha kufiwa mara moja, anamsikia mwanamume akihangaika kumfanya bintiye azungumze, na ana akili ya kutosha kutomkatiza. Mtu aliyetoka kufungua mitambo ya lifti kutwa nzima alirudi nyumbani akakaa mbele ya filamu asiyoielewa, akakisia kila sura na kila ishara ya mkono, akatunga maneno ya filamu kumi na moja, akayakumbuka ili wiki ijayo yasitofautiane, kwa sababu mtoto wa mtu mwingine hasemi naye. Wewe umeshona mapazia miaka mingapi? Unajua kazi ya kuficha mshono. Hii ilikuwa kazi ya namna hiyo, nawe ulipouona mshono ukacheka mbele ya watoto.

Sasa filamu. Sikutaka kujibu kwa kukisia, nimetazama mbili wiki hii, za umri huohuo. Mume wako ana haki kidogo. Gari linakimbia na barabara nyuma yake inakimbia upande mwingine. Mtu anaanguka kabla ngumi haijamfikia. Kila mwovu ana kovu na lafudhi ya kigeni. Mwanamke ana kazi mbili, kupiga kelele na kubusiwa, na maneno anayoambiwa nisingependa binti yako ayasikie bila mtu mzima kumwambia palepale kwamba hapa hawa watu walikosea. Hayo yamechacha, na hayakuwa mazuri hata yalipokuwa mapya.

Lakini kuna sehemu mtu anapekua makaratasi katika chumba cha wenyewe, hakuna muziki, dakika tatu nzima, unasikia saa ya ukutani na hatua za mtu kwenye ngazi. Chai yangu ilipoa. Filamu za siku hizi zingekuwa zimelipua jengo mara mbili. Zile zilikuwa na subira ya kukuonyesha mtu anavyoogopa, na hofu haijapitwa na wakati. Ndiyo maana baba yako aliweza kuzisoma bila kujua lugha, nyuso zilimwambia kilichotosha. Hukupenda kitu ambacho hakikuwepo. Ulipenda nyuso zao na maneno yake, na vyote viwili vilikuwa sebuleni kwenu.

Sasa fanya hivi. Usimpigie simu, usimtumie binti yako, usimbebee zawadi, kwa sababu zawadi itampa kitu cha kuzungumzia na nyote mtakimbilia hapo. Nenda siku ya kazi, peke yako, mkute kwenye shughuli zake, na usimsimamishe. Wanaume wa umri ule husikia vizuri mikono ikiwa na kazi. Mwombe radhi kwa kicheko, kwa maneno machache, bila kueleza ulikuwa unajisikiaje. Kisha mshukuru, na umtajie unachomshukuru kwa jina lake: ile Jumapili, yule mlinzi, kile kitambaa cha kufutia vumbi. Usiseme "asante kwa yote". Kwa yote ni neno la mtu mvivu. Halafu nyamaza, umwachie nafasi ya kusema, hata ikichukua mchana mzima. Na mume wako naye aende, siku yake, kwa miguu yake. Alicheka na yeye.

Mshauri wako

*

Wiki tatu baadaye Mshona Mapazia alitutumia mistari hii, akaruhusu ichapwe.

Mshauri, asante. Nilikwenda Jumanne. Nilimkuta Baba uani anabadilisha bawaba ya mlango wa stoo, nikashika mlango ili usianguke, nikasema niliyotakiwa kusema nikiwa nimeushika. Nilimtajia mlinzi. Nilimtajia kitambaa. Akakaza skrubu zote nne, akaufungua mlango na kuufunga mara mbili tatu kuupima.

Kisha akasema, "Nilidhani siku ukikua utanichukia."

Nikamwambia nimekua zamani, na ndiyo kwanza naona ninachopaswa kumshukuru. Akainama kuokota bisibisi yake, akakaa chini kuitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikatazama pembeni.

Alipoinuka akaniuliza, "Yule mjukuu wangu, zile nyingine anaweza kuzipata?"

"Ataweza. Unataka kuzitazama?"

"Ile ya tatu. Kuna mzee mwenye miwani anamnong'oneza jasusi kitu kwenye ngazi, kabla hajafa. Pale nilibahatisha kila mara, sikuwahi kuridhika. Miaka thelathini na zaidi najiuliza alimwambia nini."

Jumapili wakaja, yeye na mama. Alikaa kiti cha mbele, binti yangu pembeni yake, mume wangu akiwa ameshakwenda kwake Ijumaa kama ulivyosema. Tulipofika kwenye ngazi Baba akainua mkono watu wote wanyamaze, akasogea mbele. Mzee wa miwani akanong'ona. Binti yangu akasoma, "Funguo ziko mezani."

Baba akangoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akamgeukia mama.

"Hayo tu?"

"Hayo tu," mama akamwambia, bila kuinua macho kwenye kitambaa chake. "Sasa mwambie mtoto alichosema kweli."