Siku Nilipokuacha Malaba na Bosko

Mpendwa Shangazi,

Siku tulipokuzika nilisema uongo mbele ya watu, na wewe hukuwa na namna ya kunikatiza. Baba Mkubwa alinipa kipaza sauti kwa sababu mimi ndiye niliyesafiri nawe wakati wa korona. Nikasema tulikaa mpakani sote watatu, mimi, wewe na mbwa wako Bosko, hadi tukaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwanamke mmoja akanishika mkono, akasema kwa neno letu la huruma, “Bambi, una moyo.” Sikumsahihisha. Leo nakuandikia mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma, kwa kuwa uongo wenyewe niliusema mbele ya kila mtu.

Ulistaafu polisi mwezi mmoja na Bosko. Wewe umri ulikuwa umefika, yeye nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua. Ulisema umelinda mageti ya watu wanaokwenda likizo maisha yako yote, na sasa ungependa kuona wanakwenda wapi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naogopa kila kitu. “Utakuja,” ulisema. “Bosko hawezi kusoma ramani.”

Hema tulilinunua sokoni Owino, Kampala, la mitumba. Tulipolifungua Kisumu tukakuta halina vigingi hata kimoja, ukalisimamisha kwa spana za pikapu yako na vijiko vyetu viwili. Ndiyo maana tulikula wali kwa mikono hadi Nakuru. Kila jioni nilikuwa nakagua zipu ya hema mara tatu, na wewe unacheka gizani. Bosko alikuwa analala mlangoni, lakini siku zote upande wangu. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu, “Amefundishwa kukaa karibu na mtu mwenye wasiwasi. Kazini tulikuwa tunamkamata mtu huyo.”

Kisha mipaka ikafungwa. Tulifika mpakani Malaba, tukirudi Uganda, tukiwa tumechelewa siku mbili, tukaona malori tu ndiyo yanapita. Mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa imefungwa, upande wa Kenya, akaturuhusu kupiga hema uwanjani, na baada ya wiki moja tulikuwa Waganda kumi na wanane pale. Yule mfanyabiashara wa vitenge alikuwa anakutania kila asubuhi wahudumu wa afya walipokuja na kipima joto: “Afande, na mtoto wako apimwe! Ulimi wake uko nje tangu jana.” Nawe unamjibu, “Ulimi ulio nje ni wako, na haupumziki.”

Tulikaa hivyo wiki tano. Siku moja ikaja habari kwamba basi litaletwa kutuchukua hadi karantini, na kwamba tuandike orodha ya kila aliyepo kambini. Wakanichagua mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ukarani, na niliifanya kwa uangalifu ambao leo unanichekesha. Ulisimama nyuma yangu ukanisomea kama ulivyozoea kusoma kitabu cha zamu, ambamo mbwa huandikwa kama askari wengine: jina, jinsia, umri, hali ya afya. Nikaandika. Namba kumi na tisa, Bosko, mwanamume, miaka saba, afya njema. Sikuwaza mara mbili. Nilitoka kambi ya polisi; nimekua nikisikia mbwa wakiitwa kwa majina kwenye gwaride.

Ofisa aliyekuja na basi alikuwa na barakoa mbili na hasira ya mtu aliyechoka. Alipofika namba kumi na tisa akainua macho.

“Bosko! Mtoto wa miaka saba. Yuko wapi?”

Bosko akasimama.

“Mimi naita mtoto. Mama yake ni nani?”

“Mama yake alikufa kazini, ssebo,” ukamjibu kwa heshima zote, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mfanyabiashara wa vitenge alikaa chini kabisa.

Ofisa hakucheka. “Nnyabo, mama, hii ni mbwa. Basi ni ya watu. Hii haina karatasi ya mifugo, haipiti.” Akaifuta namba kumi na tisa.

“Basi nifute na mimi,” ukasema.

Akakufuta. Kalamu yake ikaenda kwenye jina lililofuata lako, ambalo ni langu, ikasimama. “Na huyu?”

Uligeuka ukaniangalia. Haukuwa mtazamo wa kunilazimisha, hilo nataka kila mtu alijue. Lakini nilikuwa nimechoka na mvua inayoingia chini ya hema, nimechoka kusikiliza kila kikohozi, na mlango wa basi ulikuwa wazi. Nikasema, “Mimi nina usaili wa kazi Kampala.”

Kila mtu pale alijua kwamba ofisi za Kampala zimefungwa. Hata ofisa alijua. Kabla mtu yeyote hajacheka, ukasema kwa sauti yako ya gwaride, “Ndiyo, ana usaili. Panda, mwanangu.”

Nikapanda. Nilikaa upande wa pili wa basi ili nisiwaone.

Ulikaa pale wiki sita zaidi, peke yako na Bosko, hadi karatasi za mifugo zilipopatikana. Nilikuwa nakupigia kila jioni. Uliniambia Bosko amekula nini, hukuniambia wewe umekula nini. Uliporudi ulisimama mlangoni kwangu, umekonda, ukaniambia, “Umenenepa.” Hapo ndipo mazungumzo yetu kuhusu Malaba yalipoishia. Nilisubiri unilaumu, miaka yote hii. Ungenilaumu ingekuwa rahisi kwangu.

Sasa nikueleze ya Jumamosi iliyopita. Nyumba yako inakabidhiwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi, na Baba Mkubwa alikuja na daktari wa mifugo ili Bosko adungwe sindano ya mwisho. Usimkasirikie kaka yako. Bosko amezeeka, macho yana ukungu, na asubuhi hawezi kuinuka bila kuinuliwa. Daktari alisema kwa dawa anaweza kuishi vizuri mwaka, labda zaidi, lakini lazima awepo mtu wa kumsimamisha asubuhi na jioni.

“Mtu huyo hayupo,” alisema Baba Mkubwa.

“Nipo mimi.”

Sauti ilitoka ndogo, Shangazi. Alinitazama kama nimekohoa.

“Wewe? Unayekimbia kuku wa jirani? Utamweka wapi?”

“Sijui bado.”

“Mwanangu, najua inakuuma. Ulikaa nao mpakani hadi mwisho. Umeshafanya sehemu yako.”

Ningeweza kuyapokea maneno hayo. Yangenisaidia hata kumpata mbwa. Nikashika ukuta, nikasema, “Sikukaa. Nilipanda basi la kwanza. Shangazi alibaki peke yake.”

Baba Mkubwa akavua kofia. Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

“Na pale kaburini?”

“Nilisema uongo.”

“Kwa hiyo sasa unatubu kwa mbwa?”

“Hapana, Baba Mkubwa. Namtaka kwa sababu yu hai na ananijua.”

“Atakufa tu, hata akiwa kwako.”

“Najua. Nitakuwepo.”

Akavaa kofia yake, akamwambia daktari waondoke. Getini akageuka: “Nyonga ya kushoto ndiyo mbaya. Usimshike hapo.”

Hajati, mwenye nyumba wangu wa Nateete, aliniambia kwa upole, “Mwanangu, mimi naswali hapahapa uani. Mbwa sitaweza.” Ana haki yake, wala sikubishana. Nimepata chumba kingine mbali zaidi, mahali ambapo lami imeisha, chenye kiuwanja chake. Nitakuwa naamka saa kumi na moja alfajiri ili nimwinue Bosko, nimpe dawa, kisha niende kazini. Bosi nimeshamwambia kwamba jioni sitabaki tena baada ya saa kumi na moja. Nilimwambia nikiwa nimesimama, karatasi mkononi, nimeandika sentensi zote nisije nikasahau.

Bado naogopa. Naogopa atateleza mikononi mwangu, naogopa siku ambayo hatainuka hata nikimshika vizuri. Lakini siku hiyo sitakuwa nimekaa upande wa pili.

Pumzika, Shangazi. Zamu hii ni yangu.

Binti wa kaka yako,
Nateete, mpaka Jumapili